Nililipia mtindo wa Screw, nikaletewa albamu ya kawaida

Duka lenyewe silitaji, kwa sababu bado tunavutana kuhusu pesa yangu. Ila jambo hili limenikaa kooni tangu wiki ile kifurushi kilipofika, na mke wangu ameshachoka kunisikiliza.

Niliagiza santuri mtandaoni. Albamu ya rap ya Houston, ya miaka ya tisini, lile toleo lililopunguzwa kasi na kukatwakatwa kwa mtindo wa DJ Screw, dijei wa Houston aliyeuanzisha. Bei yake ingeninunulia viatu vya kazini. Nikaisubiri, theluji ikishuka dirishani, maana siku hizi naishi huku kaskazini na Houston nimeiacha miaka kadhaa sasa. Siku ilipofika nilifunga mlango wa sebule. Juu ya nailoni kuna stika inayosema wazi kwamba hili ndilo toleo la mwendo wa pole. Nikaweka sindano. Sauti ikatoka mbio.

Kwanza nililaumu mashine yangu. Nikadhani nimeiacha kwenye kasi ya 45, ile ya santuri ndogo. Nikaangalia, iko 33. Nikageuza upande wa pili, hivyo hivyo. Ndipo nikasoma karatasi ya katikati ya santuri: toleo la kawaida, lile ninalolijua neno kwa neno. Stika ilikuwa ya kitu kimoja na mfuko umebeba kingine.

Makosa hutokea, hilo nalikubali. Nimefanya kazi ghalani, najua jinsi boksi linavyoweza kubandikwa lebo isiyo yake saa kumi alfajiri. Kama wangesema samahani wakanitumia ninayoitaka, leo ningekuwa nawasifia. Kilichonichoma ni simu.

Aliyepokea alinisikiliza kidogo, kisha akaniambia nisihangaike, niicheze tu kwa kasi ya chini, itakuwa kitu kilekile. Nikamwambia si kilekile. Akajibu, "Bwana, pole ni pole tu," na nikamsikia akicheka na mwenzake pembeni.

Pole ni pole tu!

Ngoja niwaeleze alichokuwa anakichekea. Kwanza, anachosema hakiwezekani. Santuri ya albamu inachezwa kwa mizunguko 33 kwa dakika, na mashine nyingi za nyumbani zina 33 na 45 basi. Hakuna chini ya hapo. Hata ile Technics 1200 ya madijei, kitelezi chake cha kasi kinashuka asilimia 8 tu, na 8 hazikufikishi Houston. Mtu anauza santuri na hajui hilo.

Pili, na hapa ndipo hasira yangu ilipo, Screw hakuwa mtu wa kupunguza kasi tu. Alikuwa na nakala mbili za wimbo mmoja kwenye mashine mbili, moja ikiwa nyuma ya nyingine kwa pigo dogo. Mkono wake ukihama kati ya hizo mbili, neno linarudi mara mbili, mara tatu, mdundo unajikwaa kisha unasimama wima tena. Alichagua neno gani lirudi. Akimaliza kurekodi ndipo anaishusha kasi ya mkanda mzima, sauti zinakuwa nzito kama watu wanaongea kutoka chini ya kisima. Kazi ya usiku kucha, kanda baada ya kanda, mamia ya kanda, akiziuza nyumbani kwake huku magari yamepanga foleni getini mpaka polisi wakadhani anauza dawa. Alifariki Novemba 2000 akiwa na miaka 29. Leo chuo kikuu cha Houston kinatunza vitu vyake kwenye maktaba. Halafu mtu wa simu anacheka.

Mimi huo muziki sikuusoma mahali. Nilikuwa nimetoka Tanga miezi michache, Kiingereza changu ni cha shuleni, na rap ya Marekani nilikuwa naipenda kwa mdundo tu. Maneno yalikuwa yananipita kama basi lisilosimama kituoni. Kazini kulikuwa na mzee mmoja, mzaliwa wa kusini mwa Houston, aliyekuwa ananipa lifti tukitoka shifti ya usiku. Buti la gari lake lilikuwa linatetemeka kwa besi. Kanda ya Screw ilipoanza nilidhani redio imekufa betri. Mzee akacheka, akaongeza sauti. Tulipofika taa za tatu nikagundua kwamba namwelewa mchanaji. Kila neno. Lafudhi ile ya Texas iliyokuwa ikinitoa jasho kazini, hapa imewekwa mezani mbele yangu, moja moja. Na Screw mwenyewe alisema alitaka hivyo, msikilizaji asikie mtu anasema nini. Kiingereza cha Houston mimi nimefundishwa ndani ya gari lile.

Kwa hiyo mnielewe nikisema kicheko kile kilinikumbusha mbali. Watu wa Kusini mwa Marekani wamechekwa sana na tasnia hii. Mwaka 1995 OutKast, kundi la rap la Atlanta, walipokuwa wanachukua tuzo ya kundi jipya kule New York, ukumbi uliwazomea, na André, mmoja wao, ikabidi aseme usoni mwao kwamba Kusini ina la kusema. UGK, vijana wa rap wa Port Arthur, Texas, albamu yao ya 1996 ilipanda mpaka namba mbili kwenye chati ya R&B bila video hata moja. Rap-A-Lot, lebo ya muziki ya Houston, na baadaye Master P, rapa mwenye lebo yake New Orleans, walijifunza kuuza wenyewe, kwenye buti za magari na maduka ya mtaani, kwa kuwa lebo kubwa hazikuwa zinapokea simu zao. Master P alipokaa mezani na Priority, kampuni ya kusambaza muziki, mwaka 1996 alibaki mmiliki wa rekodi zake mwenyewe, jambo ambalo wakubwa wengi wa New York wa wakati ule hawakuwa nalo. Halafu ikafika 2005, marapa wa Houston, Mike Jones, Paul Wall na Slim Thug, wakalipuka, na ghafla kila lebo inataka toleo la mwendo wa pole la albamu yake. Stika zikaanza kubandikwa. Wengine waliwapa kazi wenyewe, dijei Michael Watts na watu wake wa Swishahouse, lebo ya Houston, na wale walijua wanachofanya. Wengine wanashusha kasi kwa kompyuta, wanaongeza mwangwi, basi, wanaita hiyo Screw. Hakuna aliyekata chochote. Hakuna aliyechagua neno.

Nilitaka kuwapa nyota moja. Kisha juzi usiku, kwa hasira hizohizo, nikaicheza ile waliyoniletea mpaka mwisho, nikitafuta kasoro nyingine ya kuwaandikia. Sikuipata. Santuri imechapwa vizuri mno. Besi imeshiba, haina mkwaruzo, na kuna gitaa nyuma ya ubeti wa pili ambalo kwenye simu sijawahi kulisikia miaka yote hii. Nikakaa chini. Nikasema labda nyota tatu, kwa haki.

Asubuhi ikaja barua pepe yao. Watarudisha pesa, lakini wamekata gharama ya kutuma, na santuri niirudishe kwa nauli yangu. Kosa lao, nauli yangu! Nyota zote tatu nimezifuta. Mwenye kupenda muziki huu na yuko karibu na Houston, aende mwenyewe kwenye duka la Screwed Up Records & Tapes, lile Screw alilolifungua mwenyewe; hapo hutamweleza mtu pole ni nini. Mdogo wangu bado anaishi huko, nimeshamtumia pesa aniletee akija kunitembelea.

Na hii ya kwao ipo hapa kwenye mashine, upande wa pili. Sirudishi mpaka watume mtu na nauli yao.