Huduma ya ushauri wa udahili: walitufikisha kwenye barua, wakatuacha hapo

Nyota 2 kati ya 5.

Mimi ni baba niliyelipa dola 3,200 hapa Marekani ili binti yangu asaidiwe kuomba vyuo. Jina la kampuni sitalitaja. Ninachotaka mzazi mwenzangu ajue ni mahali ambapo huduma za namna hii hukatika, kwa sababu kwetu ilikatika wakati ule hasa tulipoihitaji.

Nyota hizo mbili wamezistahili. Mshauri wao alishughulika na insha ya binti yangu kwa wiki saba, akamrudishia rasimu mara nne, na hakumwandikia hata sentensi moja. Tarehe za mwisho za kila chuo zilipangwa vizuri, hatukuchelewa hata moja. Mwishoni mwa Machi barua ya udahili ikaja, nyumba nzima tukalia kwa furaha. Kesho yake kampuni ikatuma pongezi na kufunga faili letu.

Mimi nilisoma Afrika Mashariki, ambako matokeo ya mtihani wa mwisho hutangulia, nafasi ya chuo ikafuata. Huku mtoto anakubaliwa angali darasani. Kwa hiyo barua ile ina masharti: chuo kinasubiri kuona kama aliyemaliza shule ndiye yule aliyeomba. Hilo sikulijua, na niliwalipa watu wanaolijua.

Januari binti yangu alikuwa ameacha kalkulasi, somo la hisabati ya juu, akachukua somo jepesi zaidi, ilhali kwenye fomu ya maombi kalkulasi ilikuwa imeandikwa. Alimuuliza mshauri kwa ujumbe, na ujumbe huo ninao hadi leo. Akajibiwa asiwe na wasiwasi, vyuo haviangalii muhula wa mwisho. Vinaangalia! Masharti ya Chuo Kikuu cha California, kwa mfano, yeyote anaweza kuyasoma: usipate D wala F mwaka wa mwisho, toa taarifa ukibadilisha masomo, na nakala rasmi ya matokeo ifike kabla Julai 1 haijapita. Chuo cha binti yangu ni kingine, lakini masharti yake yalifanana na hayo. Yalikuwa ukurasa wa pili wa barua, nasi kwa furaha tuliishia wa kwanza.

Katikati ya Julai ikaja barua pepe. Masomo yaliyomo kwenye matokeo hayalingani na yale ya fomu. Ana siku 10 za kujieleza, la sivyo nafasi itaondolewa. Binti yangu alisimama mlangoni na simu mkononi. "Baba, chuo ndiyo nimekikosa?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Usiku uleule niliiandikia kampuni. Walijibu siku ya nne: mkataba wetu uliisha Machi, na ushauri wa dharura ni dola 350 kwa saa.

Aliyetuokoa ni mshauri wa shule yake ya umma, mama mmoja aliyekuwa likizo na ambaye hatukumlipa hata senti. Alimketisha binti yangu, akamsikiliza hadi mwisho, ndipo akatueleza nafasi hufutwa kwa mambo gani. Alama kuporomoka ndiyo sababu ya kawaida. Kisha kuna somo lililoachwa kimyakimya, uongo kwenye fomu au insha, kesi ya nidhamu, na wale wanaolipa amana ya kuthibitisha nafasi katika vyuo viwili kwa pamoja Mei 1 inapofika. Mwenendo mtandaoni nao umo: mwaka 2017 Harvard iliwafutia nafasi wanafunzi wasiopungua 10 kwa picha za dhihaka walizotumiana kwenye kundi la faragha la Facebook.

Lililonishtua zaidi ni la Chuo Kikuu cha California kule Irvine, mwaka huohuo wa 2017. Waliothibitisha kuja walizidi matarajio kwa zaidi ya watu 800, na chuo kikafuta nafasi 499, nyingi kwa sababu nakala za matokeo hazikuwa zimefika kwa wakati. Familia zikapaza sauti, mkuu wa chuo akaomba radhi, na wengi wakarudishiwa nafasi zao. Tangu aniambie hayo, siamini kitu "kimetumwa" mpaka nimepiga simu chuoni nikasikia kimepokelewa. Kampuni niliyoilipa haikuwahi kututajia jambo hilo.

Barua ya kujieleza aliiandika binti yangu mwenyewe, aya tatu. Yule mama alimwambia aseme ukweli mapema, sentensi ya kwanza kabisa, na asimlaumu mtu mwingine hata kama anastahili lawama. Akaandika kwamba aliacha somo Januari, hakuwajulisha, na ni kosa lake; akaeleza sababu, akaambatisha alama za masomo mengine. Mama yule akaongeza barua yake. Siku nane baadaye jibu likaja: nafasi imebaki, ila hisabati lazima aisome muhula wa kwanza. Anaisoma sasa.

Kwa insha bado ningewapendekeza, kwa kweli. Lakini usitie sahihi mkataba wao unaoisha siku barua inapofika. Dai uandikwe hadi mwishoni mwa Agosti, na uzitaje kazi hizi kwa maneno: kusoma masharti ya udahili pamoja na mtoto, kupitia kila badiliko la somo, na kuhakikisha nakala ya mwisho ya matokeo imepokelewa. Wakikataa, omba nafasi kwa mshauri wa shule mapema, Aprili, kabla foleni yake haijawa ndefu.

Nimeomba nirudishiwe sehemu ya fedha, nikaambatisha ule ujumbe wa Januari. Hii ni wiki ya tano, na bado hawajajibu.