Zoom baada ya 2020: bado inafaa, ila gusa mipangilio kwanza

Desemba 2019 Zoom, programu ya mikutano ya video, ilipokea takriban washiriki milioni 10 wa mikutano kwa siku. Aprili 2020, shule na ofisi zikiwa zimefungwa kwa UVIKO-19, walifika milioni 300. Skype ilikuwepo tangu 2003 na ilijulikana zaidi, lakini Zoom haikumdai mgeni akaunti: anabonyeza kiungo, anaandika jina, ameingia. Wepesi huo ndio uzuri wake hadi leo, na ndio mlango wa matatizo yake.

Mwaka ule wavamizi waliokota viungo vilivyobandikwa hadharani, wakaingia madarasani na kurusha picha chafu mbele ya watoto, kwa kuwa hata mgeni aliweza kuonyesha skrini yake. Kuanzia 5 Aprili 2020 nywila na chumba cha kusubiri, ambako mgeni hungoja hadi mwenyeji amruhusu, vikawa vinawashwa vyenyewe kwenye akaunti za bure. Usivizime. Ukiwa mwenyeji, fungua menyu ya zana za mwenyeji (Host tools, zamani Security), zuia washiriki kuonyesha skrini, na wote wakishafika ufunge mkutano. Kwa tukio la wazi tengeneza namba mpya ya mkutano. Ile ya kudumu ya akaunti yako, aliyeipata leo anaweza kurudi nayo mwezi ujao.

Kwenye usiri kampuni hii ilikosea vibaya. Ilitangaza kuwa mazungumzo yanafichwa mwanzo hadi mwisho, yaani wanaozungumza tu ndio wanaoweza kuyafungua, kumbe funguo za kuyafungua ilikuwa nazo yenyewe; Novemba 2020 ilifikia makubaliano na Tume ya Biashara ya Marekani kuhusu madai hayo. Ufichaji wa kweli ulianza kutolewa Oktoba 2020, lakini ni lazima uuwashe mwenyewe, na ukiuwasha huwezi kurekodi kwenye hifadhi ya mtandaoni wala kuwaunganisha wanaopiga kwa simu ya kawaida. Kwa mazungumzo ya daktari na mgonjwa, ni gharama inayostahili kulipwa.

Video ya watu wawili yenye ubora mzuri huhitaji kilobiti 600 kwa sekunde kupanda (kutuma) na kiasi hichohicho kushuka (kupokea), yaani jumla karibu MB 540 kwa saa. Sauti peke yake hutosheka na kilobiti 60 hadi 80. Kwa hiyo maneno yakianza kukatika, zima kamera yako kabla ya kuhangaika na kitu kingine. Mwangwi nao kwa kawaida hutokana na vifaa viwili vilivyo chumba kimoja, vyote vikiwa na spika na kipaza sauti wazi: acha kimoja tu, au vaeni hedifoni.

Walimu wa muziki wanapaswa kujua kwamba Zoom huichukulia noti ndefu ya ala kama kelele na kuikata. Dawa yake imo kwenye mipangilio ya sauti: washa sauti halisi ya wanamuziki (Original sound for musicians), kisha vaa hedifoni, maana kizuia mwangwi hulegea. Kipengele hiki kimekaa vizuri sana, na inasikitisha kuwa kimefichwa hivyo.

Toleo la bure hubeba watu 100 kwa dakika 40. Hadi 2022 watu wawili hawakubanwa na kikomo hicho, sasa wanabanwa. Kwa ndugu wanaotaka kuongea jioni nzima, Google Meet ni bora: kundi hupewa dakika 60, na watu wawili saa 24, bila malipo.