Kurudia noti au kujipima: kipi kinabaki kichwani?

Mtihani ukikaribia, wanafunzi wengi wa chuo hufungua noti na kuzisoma upya, mara ya pili, mara ya tatu, wakipiga mstari chini ya karibu kila sentensi. Njia hii ni nyepesi, na kama mada bado hujaielewa, huna budi kuanzia hapo. Tatizo ni kwamba macho yakishazoea ukurasa, akili hudhani imeujua.

Kujipima ni kufunga daftari, kuchukua karatasi tupu na kuandika unachokumbuka, au kufanya mitihani ya miaka iliyopita bila kuchungulia majibu. Kunachosha, na mwanzoni kunavunja moyo kweli. Hata hivyo ndiyo njia ninayoitetea. Mwaka 2006, wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha njia hizi mbili kwa wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele: walikumbuka asilimia 81 ya walichosoma, dhidi ya 75 ya waliojipima. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, wenzao 42.

Basi ukibakiwa na dakika chache mlangoni mwa chumba cha mtihani, pitia noti. Ukiwa na wiki nzima, jipime kwanza, kisha rudi kwenye noti kusahihisha ulipokosea. Hatua hiyo usiiruke, maana kosa lisilorekebishwa nalo hukaa kichwani.