Plasta ya silikoni kwa kovu la upasuaji: inafaa, ukiipa miezi mitatu

Zamani ukishatolewa nyuzi, kazi ya daktari ilikuwa imekwisha. Kovu lilibaki juu yako. Siku hizi wapasuaji, wa urembo na wa kurekebisha maumbile, hupanga matunzo ya kovu kabla hawajashika kisu, na kitu kinachotajwa mwanzo kabisa ni plasta ya silikoni. Ilianza kutumika kwenye makovu ya moto mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2002 jopo la kimataifa la wataalamu likaiweka mstari wa mbele katika kuzuia makovu ya kunyanyuka. Tunaipa alama nzuri, kwa sharti kwamba kovu ni bichi na mwenyewe ana subira.

Ni kipande laini kama mpira mwembamba, chenye kunata upande mmoja. Wengi hudhani kuna dawa inayotoka humo kuingia mwilini. Hakuna. Ngozi changa ya kovu hupoteza maji upesi kuliko ngozi ya kawaida, na ukavu huo huziamsha seli za chini zizalishe kolajeni, protini inayojenga ngozi, kupita kiasi. Ndipo kovu hunyanyuka na kuwa gumu. Plasta hufunika, unyevu hubaki, seli hutulia. Kinachotibu basi ni saa za kufunikwa: 12 hadi 23 kwa siku, kwa miezi 2 au 3 kwa uchache. Aliyeibandika usiku tu kwa wiki mbili akasema haifai, hajaijaribu bado.

Usianze mpaka kidonda kifunge kabisa, nyuzi zimetoka na hakuna kigaga, kwa kawaida wiki ya pili au ya tatu baada ya upasuaji. Kata kipande kipite ukingo wa kovu kama sentimita 1 kila upande, na pembe uzikate mviringo. Pembe kali hunasa kwenye nguo na plasta nzima hubanduka. Ngozi iwe safi na kavu. Losheni au mafuta yakiwa chini yake haishiki kabisa. Siku ya kwanza saa 4 zinatosha, kisha ongeza saa 2 kila siku.

Malalamiko makubwa ni muwasho na vipele, na watu hukimbilia kusema ni aleji. Mara nyingi ni harara tu: jasho limekosa pa kutokea. Ibandue, osha ngozi, iache ipumzike siku moja au mbili, kisha rudi na saa chache. Ngozi ikiwa nyeupe na yenye mikunjo kama vidole vilivyokaa majini, imelowa mno. Hapo nayo pumzika. Plasta yenyewe ioshwe kila siku kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato, ikauke kwa hewa. Ukiifuta kwa taulo, nyuzinyuzi huganda na kunata kunaisha. Ikitunzwa, kipande kimoja hudumu wiki 2 hadi 4.

Usoni, kwenye kiungo kinachokunjwa au penye nywele, chukua jeli ya silikoni ya tyubu badala yake, mara mbili kwa siku. Kosa la karibu kila mtu ni kupaka nyingi. Inatakiwa tabaka jembamba linalokauka kwa dakika 4 au 5. Ikibaki inanata, umezidisha, na itaishia kwenye shati.

Kuna jambo linalotukera kwenye maelekezo ya paketi nyingi: huambiwa uendelee mpaka wekundu uishe. Kwenye ngozi nyeusi kovu bichi huwa la zambarau au kahawia iliyokolea, na weusi huo unaweza kukaa muda mrefu baada ya kovu kutulia. Tumia kidole. Kovu likiwa bapa, laini, na haliwashi tena, kazi imekwisha.

Isiyoyaweza ni mengi pia. Kovu la zamani lililokwisha kuwa jeupe halibadiliki, wala lililobonyea halitajaa. Keloidi, ile inayovuka mpaka wa kidonda na kuenea kwenye ngozi isiyojeruhiwa, haitoshwi na plasta peke yake. Inahitaji sindano za triamsinoloni, dawa ya jamii ya steroidi inayodungwa kwenye kovu lenyewe, kila baada ya wiki 4 hadi 6, au kukatwa kukifuatiwa na sindano au mionzi. Kukata bila nyongeza ni hatari, kwa maana mara nyingi hurudi, pengine kubwa kuliko ya kwanza. Na hata kwa makovu ya kawaida, ushahidi wa silikoni si imara sana: majaribio mengi yalikuwa madogo. Tunaipendekeza kwa sababu madhara yake ni madogo na yanaondoka ukiibandua.

Ukinunua, chagua kipande kikubwa cha kukata mwenyewe kuliko vidogo vilivyokatwa tayari, na usitupe plastiki ya mgongoni. Ndiyo ya kuihifadhia unapokwenda kuoga.