Achanje chanjo ya korona hapa Tanga, au arudi kwao kwanza?

Agosti 2021, jirani yetu wa Raskazone, Mwingereza wa miaka 70, begi lake lilikuwa nyuma ya mlango, limefungwa, limeota vumbi.

Kurudi: Tanzania ilikuwa kwenye orodha nyekundu ya Uingereza, ya nchi zilizohesabiwa hatari zaidi kwa korona. Kwa hiyo kipimo kabla ya kupanda ndege, kisha siku 10 za karantini hotelini, pauni 2,285 kutoka mfukoni mwake. Kilichonitia hofu zaidi ni zile saa ndani ya ndege kabla hajachanjwa, na kifua chake kile.

Kuchanja hapa: chanjo ya Janssen, iliyozinduliwa nchini 28 Julai. Dozi moja, bure.

Nilimwambia, "Mzee wangu, chanja kwanza." Karantini isingefutika, lakini angesafiri na kinga mwilini. Alichanja. Oktoba Tanzania ilipotolewa kwenye orodha, akalifuta begi vumbi.