Uzoefu Wangu: Nyumba ya Kiwandani katika Jangwa la Arizona

Nyumba tuliyonunua ni ya vipande viwili, iliyojengwa kiwandani na kukokotwa na malori hadi shambani kwetu katika kaunti ya Cochise, kusini-mashariki mwa Arizona. Kwa nyumba yenyewe sina lawama. Kila kipande kina kibati chekundu nje, kinachothibitisha kwamba kimejengwa kwa kanuni za serikali kuu ya Marekani zilizoanza kutumika Juni 1976, na ndani, kwa kawaida kwenye kabati la jikoni au karibu na sanduku la umeme, kuna karatasi inayotaja upepo na hali ya hewa ambayo nyumba ilikusudiwa kuistahimili. Anayenunua iliyotumika aisome karatasi hiyo kabla ya kuvutiwa na rangi za kuta.

Kazi kubwa ilikuwa chini ya nyumba. Ardhi ya huku ina tabaka jeupe la chokaa, kaliche, gumu kama zege, kiasi kwamba nanga za kuishikilia nyumba wakati wa upepo zilikataa kuingia mpaka fundi alipotoboa kwanza kwa mashine ya mwamba. Kwa kuwa tabaka hilo hupitisha maji kwa shida, udongo upimwe kabla ya kuamua mfumo wa majitaka, tena kabla ya kulipia kiwanja ikiwezekana.

Kampuni iliyosimamisha nyumba ndiyo iliyotuudhi. Haukupita muda mrefu, mlango wa chumba cha kulala ukaanza kukwama, na vumbi likajichora mstari mwembamba juu ya zulia, pale pale vipande viwili vinapokutana, kwa sababu mpira wa kuzibia haukufika mwisho wa ungio. Walirudi kurekebisha baada ya kuandikiwa barua zaidi ya moja. Nyumba ikiinama kidogo milango hukwama, kwa hiyo sharti la kurudi kupima usawa wake liandikwe kwenye mkataba.

Maji tunanunua na kuyahifadhi katika tangi la galoni 2,500, yaani takriban lita 9,500. Kisima kinawezekana, baada ya kuiarifu idara ya maji ya jimbo, ila katika bonde la Willcox la huku kwetu maji ya chini ya ardhi yameshuka sana kutokana na kilimo cha umwagiliaji, na visima vya watu vimekauka. Paa letu la mita za mraba 140 likipata milimita 25 za mvua huweza kutoa lita 3,500, kwa hiyo mifereji ya paa ilijilipa mapema kuliko kitu kingine chochote.

Kipoza hewa cha maji, kinachopuliza hewa kupitia pedi zilizoloweshwa, hufanya kazi vizuri mwezi Mei na Juni. Mvua za Julai zikileta unyevu, hakifai, na kiyoyozi kinahitajika. Pembezoni mwa sakafu tuliongeza wavu wa chuma, maana panya wa jangwani huingia kujenga viota vya vijiti na miiba ya dungusi na kutafuna nyaya.

Bei aliyotutajia muuzaji haikuhusisha barabara ya kokoto, nanga, tangi wala majitaka. Ningeinunua tena, ila ningedai makadirio ya hayo yote kwa maandishi kabla ya kutoa arubuni.