Seti ya mtumba ya sinema ya nyumbani katika sebule ya Mji wa Kale: tathmini baada ya miezi minne

Nilichokinunua kiliitwa seti, lakini kwa kweli kilikuwa mkusanyiko. Kulikuwa na risiva ya Yamaha RX-V373, yaani kifaa kinachopokea sauti na kuzigawia spika, toleo la mwaka 2012, spika tano za KEF zenye umbo la yai, nne za rangi ya fedha na moja nyeusi, pamoja na sabufa ya kampuni nyingine ambayo mwenye duka aliiongeza ili hesabu ya 5.1, yaani spika tano na sabufa moja, itimie. Vyote vilitoka Uingereza kwa ile biashara ambayo sisi wa Mombasa na wenzetu wa Nairobi tumezoea kuiita ex-UK, na vyote kwa pamoja vilinigharimu shilingi 46,000 katika duka dogo lililo kwenye kichochoro kinachotokea Digo Road. Nimevitumia kwa miezi minne katika sebule ya ghorofa ya kwanza, Mji wa Kale, na ninaandika nikiwa nimeridhika, ingawa wiki tatu za mwanzo nilikuwa nimekwisha kuamini kwamba fedha zangu nimezitupa baharini.

Sababu ya kuchagua bidhaa za ex-UK haikuwa fahari bali umeme. Uingereza hutumia volti 230 na plagi ya miguu mitatu ya bapa, ile ile tuliyoirithi hapa, kwa hiyo kifaa kilichotumika Leeds au London huchomekwa Mombasa bila matata. Rafu ya pili ya duka lile ilikuwa na vifaa vya kutoka Japani, vinavyopendeza zaidi kwa macho na vya bei ya chini zaidi, lakini umeme wa Japani ni wa volti 100, na mtu akikichomeka kifaa cha namna hiyo moja kwa moja katika soketi yetu atakuwa amenunua moshi. Inamlazimu atafute transfoma ya kushusha umeme, na transfoma inayoweza kuilisha risiva bila kuchemka ni nzito na ina bei yake, hivyo unafuu wote wa mwanzo unaliwa na kidude hicho kimoja. Kwa hiyo, kabla ya kusikiliza sauti yoyote, kigeuze kifaa usome maandishi ya mgongoni. Ifungue na plagi pia: katika plagi ya sabufa nilikuta fyuzi ya ampea 13, ilhali plagi yenyewe imechapwa 5, maana yake kuna mtu aliyeona fyuzi ikikatika akaona dawa ni kuweka iliyo kubwa zaidi.

Mwenye duka aliniachia saa nzima ya kujaribu, na hilo peke yake lanitosha kulisifu duka lake. Nilikwenda na mita ya kupimia umeme, betri moja ya tochi, na simu yenye nyimbo ninazozijua vizuri. Spika iliyoandikwa omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) hupimwa kwa mita ikasoma kama 6 au 7. Isiposoma chochote, basi koili yake imeungua. Mayai yote matano yalisoma karibu sawa. Kwenye sabufa nilibonyeza koni polepole kwa vidole vilivyotandazwa, ili iingie na kutoka sawasawa bila kukwaruza, kisha nikakagua ukingo wake. Ukingo wa mpira hudumu, bali ule wa sponji huoza kwa miaka, na hewa yetu ya unyevu na chumvi haiuonei huruma: jozi moja ya spika kubwa za sakafuni, ambazo nilizitamani kwa ukubwa wake, ilikuwa na ukingo uliobaki kama makombo ya mkate. Nilizirudisha mahali pake.

Sikununua kisanduku kimoja chenye kila kitu ndani, yaani kile cha kuchezea diski chenye spika zake na plagi za rangi rangi, kwa sababu katika visanduku vya namna hiyo sehemu moja ikifa nyingine zote hukosa kazi. Spika zake mara nyingi ni za omu 3, hazifai kufungwa kwenye risiva ya kawaida inayotaka omu 6 au zaidi, na plagi zake hazikubali kifaa cha kampuni nyingine. Risiva na spika zilizo mbalimbali hubadilishwa kimoja kimoja. Na hapo hapo niseme neno juu ya zile namba kubwa zilizobandikwa mbele ya masabufa ya bei rahisi, wati 10,000 na zaidi: kifaa ambacho mgongoni kimeandikwa kwamba kinakula wati 60 hakiwezi kutoa elfu kumi, hata kikiombewa dua.

Mayai haya ya KEF yana jambo moja lililonivutia. Spika ndogo ya sauti nyembamba imekaa kwenye kitovu cha koni ya spika kubwa, mpango ambao kampuni hiyo iliuanzisha mwaka 1988 na kuuita Uni-Q, na faida yake ni kwamba sauti zote hutoka mahali pamoja, hivyo aliyeketi ubavuni mwa sebule hasikii tofauti kubwa na aliyeketi katikati. Kwa nyumba yenye watoto wanaojitupa popote juu ya mkeka, hilo si jambo dogo. Upungufu wake ni wa maumbile: yai dogo haliwezi kutoa besi, na kazi hiyo yote huangukia sabufa.

Sasa nifike kwenye kazi yenyewe. Sebule yetu ina urefu wa mita 5.2 na upana wa mita 2.7, kuta nene za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa, sakafu ya saruji iliyo juu ya boriti, na zidaka, yaani vishubaka, ukutani. Ukipiga makofi mara moja chumba hukurudishia mara tatu. Siku ya kwanza nilipanga spika nilipoona pana nafasi, na sauti za waigizaji zikawa kama zinatoka kisimani. Sikuelewa neno lolote mpaka nilipowasha tafsiri chini ya picha. Nililaumu risiva, nikalaumu sabufa, nikakaribia kurudi dukani.

Kosa lilikuwa langu na la chumba. Kanuni inayojulikana kwa mpango wa 5.1 ni kwamba spika mbili za mbele zikae kila moja kati ya digrii 22 na 30 kutoka katikati, ile ya katikati iwe chini au juu ya televisheni, na mbili za nyuma ziwe ubavuni, nyuma kidogo ya masikio, kwenye digrii 110 hadi 120. Kwa mimi niliyeketi mita 2.6 kutoka kwenye televisheni, digrii 30 zingetaka spika za mbele ziachane kwa mita 3, na chumba hakina mita hizo. Niliziweka kwa umbali wa mita 2.3, yaani kama digrii 24 kila upande, zikiwa usawa wa masikio ya mtu aliyeketi. Zile za nyuma nilizitia ndani ya zidaka, maana zidaka ziko pale pale panapotakiwa na zinapendeza, kumbe kidaka huifanya sauti ivume kama mtu anayesemea mtungini. Nilifikiri kuzitundika, lakini chokaa ya ukuta wa zamani humomonyoka na skrubu haikamati. Mwishowe seremala wa mtaani alinichongea stendi mbili za mbao, na zidaka zikarudishiwa vyombo vyake vya mapambo.

Mwangwi niliupunguza bila gharama kubwa. Zulia zito kati ya viti na televisheni, pazia nene kwenye ukuta wa nyuma, na rafu ya vitabu iliyohamishwa kutoka chumbani, vilifanya kazi ambayo hakuna kitufe cha risiva kingeweza kuifanya. Kama ningeulizwa ni nini kilichoigeuza seti hii kutoka majuto hadi furaha, ningelitaja zulia kabla ya kuitaja Yamaha.

Sabufa ilinipa taabu za aina mbili. Ya kwanza ilikuwa mahali pa kuiweka, na hapa nilifuata ile mbinu ya kuiweka sabufa kwenye kiti unachokalia, ukapiga wimbo wenye besi, kisha ukatambaa kando ya kuta ukisikiliza ni wapi besi iko sawa bila kuvuma wala kupotea. Pale ndipo sabufa hukaa. Watoto walinicheka sana, lakini mbinu ilikubali: pembeni besi ilivuma kupita kiasi, na pazuri palikuwa theluthi moja ya ukuta wa mbele. Wiki ile ile nilikutana ngazini na bibi wa chini, mtu mzima wa heshima zake. Baada ya mimi kumwamkia shikamoo naye kuitikia, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, usiku mwatwanga nini huko juu?" Boriti zilikuwa zikiibeba besi mpaka dari lake. Nilikata kipande cha godoro gumu, nikaweka ubao juu yake na sabufa juu ya ubao, na usiku ninawasha kipengele cha risiva kinachozipunguza sauti kubwa na kuziinua ndogo. Tangu hapo hajaniuliza tena.

Taabu ya pili ilikuwa mvumo wa chini usiokoma, ule wa umeme wa hezi 50, uliosikika hata risiva ikiwa haichezi kitu. Watu wawili walinishauri nikate mguu wa ardhi kwenye plagi. Ushauri huo ni wa hatari, kwa sababu mguu ule ndio unaokulinda umeme ukivuja kwenye bati la kifaa. Nilichomoa waya mmoja baada ya mwingine, na mvumo ukakoma nilipouchomoa waya wa antena wa king'amuzi, uliokuwa na njia yake ya ardhini kutoka darini. Nilikihamisha king'amuzi, televisheni, risiva na sabufa vyote kwenye ubao mmoja wa soketi, nyuma ya kifaa cha kulinda umeme kama kile ambacho wengi hukifungia jokofu, na mvumo ukapungua hadi kutosikika kutoka kitini.

Nyaya zilizokuja na seti zilikuwa nyembamba kama za kengele ya mlangoni. Nilinunua za shaba za milimita mraba 1.5, baada ya kuzikwaruza ncha ili nihakikishe si alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Yai moja la nyuma nililifunga kinyume, chanya kwenye hasi, na nikaligundua kwa kuwa sauti za mvua zilionekana kujificha badala ya kunizunguka. Waya wenye mstari ubavuni umewekewa mstari huo kwa sababu.

Risiva hii hujipima yenyewe kwa maikrofoni maalumu, ila maikrofoni hiyo haikuwamo kwenye mfuko, wala rimoti, na hapa mwenye duka napunguzia alama, kwa kuwa aliniambia seti imekamilika. Maikrofoni ya kampuni nyingine haifai, kwani kila moja hupimwa na vifaa vyake. Nilipima kwa mkono: futi ya fundi kutoka kitini hadi kwenye kila spika, nikaingiza mita hizo kwenye risiva, kwa sababu sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde na kila mita ya ziada huchelewesha kwa milisekunde tatu hivi. Kisha nikapiga mlio wa majaribio na kusawazisha kila spika hadi programu ya simu ikasoma desibeli 75, feni ya dari ikiwa imezimwa, jambo ambalo kwa joto la Machi ni kafara tosha. Mpaka wa besi kati ya mayai na sabufa niliuweka hezi 120. Kwa 80, inayopendekezwa na wengi, sauti za wanaume zilikonda.

Kwenye televisheni nilitumia tundu la HDMI lililoandikwa ARC, njia iliyoanza na HDMI 1.4 mwaka 2009 na inayorudisha sauti kutoka kwenye televisheni hadi kwenye risiva. Ila televisheni ilikuwa imepangwa kutoa sauti ya PCM, ambayo kwa njia hiyo ni ya spika mbili tu, na nilipoibadilisha kuwa Dolby ndipo mayai ya nyuma yalipoamka. Mwenye televisheni ya zamani atumie waya wa mwanga (optical). Nao hubeba Dolby Digital ya 5.1 bila shida.

Risiva ya mwaka 2012 haina Dolby Atmos, ambayo iliingia majumbani mwaka 2014, kwa hiyo anayetaka sauti za kutoka darini asiinunue. Pia inahitaji hewa juu yake. Mke wangu alikwisha kuifunika kitambaa cha kufuma siku ya kwanza, kwa mapenzi mema kabisa, na ilikuwa moto kama kikaango. Nyaya, stendi, pazia na rimoti ya kuokoteza viliongeza shilingi 11,500. Kwa jumla hiyo ya 57,500 ningeinunua tena, katika duka lile lile, ila safari hii ningeufungua mfuko na kuhesabu vilivyomo kabla ya kutoa fedha.